Friwili ya 14-28, ya 14-34, ya kuunganisha, au kaseti: uchague ipi kwa mlima na mzigo

Baiskeli nyingi za mtumba za gia 6 au 7 huja na friwili, lile rundo la gia za nyuma, yenye meno 14 kwenye gia ndogo na 28 kwenye gia kubwa. Kwa mtu wa Tabora au Tanga mjini, anayekwenda kazini na kurudi bila mzigo, hapo hakuna cha kubadilisha. Ipeleke baiskeli hiyohiyo Mombo, uanze kupanda kwenda Lushoto, kilomita kama 33 zenye mwinuko wa karibu mita 1,000, ndipo utakapojua kuwa ile gia unayoiita nyepesi si nyepesi kitu. Maswali yanaanzia hapo. Ninunue friwili yenye gia kubwa zaidi? Nipunguze gia ya mbele? Fundi anasema anaweza kuchanganya friwili mbili akanipatia moja ya kunifaa mimi, nimkubalie? Au niachane na friwili kabisa nihamie kwenye kaseti, ile aina nyingine ya rundo la gia za nyuma?

Nazilinganisha njia hizi kwa namba, kisha nasema ninayoipendelea kwa kila hali. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: wengi wetu tunatoa pesa mahali ambapo shida haipo. Tunatafuta gia nyingi, kumbe tumekosa gia moja tu, ile nyepesi ya mwisho. Na wenye mizigo mizito wanahangaika na meno, kumbe kinachowaangusha ni ekseli.

Hesabu kabla ya pesa

Pindua baiskeli, weka alama ya chaki kwenye jino moja la gia ya mbele, zungusha ukihesabu. Fanya hivyo kwa kila gia ya nyuma. Mara nyingi idadi imegongwa ubavuni mwa gia yenyewe, lakini kutu na grisi iliyokauka huificha. Kisha pima mzingo wa gurudumu: chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine sakafuni, panda ukae kitini, mwenzako aisukume taratibu mpaka mstari wa tairi uguse chini tena. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi la 1.95 hutoa takriban mita 2.05.

Gawa meno ya mbele kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo. Unachopata ni umbali ambao baiskeli inasogea kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ukiwa na 42 mbele na 28 nyuma, ni mita 3.08. Namba hiyo ndiyo ya kulinganishia kila kitu kinachofuata, kwa sababu "gia 21" iliyoandikwa kwenye fremu haikwambii lolote kuhusu mlima.

Tuupe mlima wenyewe namba. Chukua mtu, baiskeli na mzigo, vyote kilo 100, kwenye mwinuko wa asilimia 6, yaani unapanda mita 6 kwa kila mita 100 za barabara. Uzito peke yake unakuvuta nyuma kwa nguvu ya nyutoni 59 hivi. Ongeza msuguano wa tairi na beringi, sema ifike 68. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ni mzunguko mmoja kila sekunde, kwa hiyo zile mita za mzunguko mmoja ndizo mita unazokwenda kwa sekunde. Zidisha kwa 68, unapata wati ambazo miguu inadaiwa:

| Mbele na nyuma | Gia nyepesi | Gia nzito | Wati mlimani |
|---|---|---|---|
| 42, friwili 14-28 | mita 3.08 | mita 6.15 | 209 |
| 42, friwili 14-34 | mita 2.53 | mita 6.15 | 172 |
| 32, friwili 14-28 | mita 2.34 | mita 4.69 | 159 |
| 32, kaseti 12-32 | mita 2.05 | mita 5.47 | 139 |
| 32, friwili 14-34 | mita 1.93 | mita 4.69 | 131 |

Mtu mzima mwenye afya asiye mshindani hukaa kati ya wati 100 na 150 kwa saa nzima bila kuishiwa. Tazama safu ya mwisho kwa jicho hilo. Mstari wa kwanza ni wa watu wa mashindano. Sisi wengine tukiwa na 42 na 28 hatutoi wati 209. Tunachofanya ni kupunguza mizunguko hadi 40 kwa dakika. Wati zinashuka kufikia 139, lakini kila msukumo wa pedali ni mzito mara 1.6 kuliko wa yule mwenye 32 na 34 anayezungusha kwa raha. Nguvu ya mwili inayotumika ni karibu ileile. Tofauti yanaijua magoti. Mtu huyo akikwambia mlima umemshinda, muulize ana meno mangapi nyuma kabla hujamuuliza mazoezi.

Wastani wa Mombo hadi Lushoto ni kama asilimia 3 tu, nusu ya mfano wangu. Wastani lakini unachanganya sehemu za kupumua na kona zinazosimama. Gia huchaguliwa kwa ajili ya kona zinazosimama.

14-28 na 14-34: unanunua gia moja

Friwili ya kampuni ya Shimano ya gia 7 ya 14-28, ambayo ndiyo ya kawaida sana, imepangwa hivi: 14, 16, 18, 20, 22, 24, 28. Ile ya 14-34 imepangwa hivi: 14, 16, 18, 20, 22, 24, 34. Gia sita zinafanana jino kwa jino. Ukibadilisha ya kwanza kwa ya pili, umebadilisha gia moja, na ni ileile uliyokuwa unaikosa. Kwa gharama ya friwili mpya na cheni, gia yako nyepesi imepungua uzito kwa asilimia 18, na shifta (kibadilishio cha gia cha mkononi) inabaki ileile. Hakuna badiliko lingine kwenye baiskeli ya gia 7 linalorudisha pesa yake haraka hivyo, na kwa mtu anayepanda mlima mmoja mrefu kila siku, nampeleka hapa moja kwa moja.

Kasoro yake iko kati ya 24 na 34. Hatua hiyo ni ya asilimia 42, wakati hatua nyingine zote kwenye friwili hiyo ni kati ya asilimia 9 na 14. Mlimani inaonekana hivi: uko kwenye 24, pedali zinaanza kugoma, unasukuma shifta, cheni inapanda kwa kishindo, na ghafla miguu inazunguka hewani bila kushika kitu. Mpaka miguu ipate mdundo mpya, mwendo umeshaanguka. Unarudi 24, ni nzito mno. Unapanda tena 34. Kwenye mlima mrefu wa aina moja hilo halisumbui, maana unaingia 34 chini na kutoka juu. Kwenye nchi ya vilima vya kupanda na kushuka, kama barabara za Njombe, linachosha kuliko mlima wenyewe.

Angalia pia mambo mawili kabla hujalipa. Diraila (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni) fupi za baiskeli nyingi za gia 6 zimeundwa kwa gia kubwa ya meno 28. Ukiweka 34, gurudumu dogo la juu la diraila linasaga meno ya gia. Ile skrubu ndogo nyuma ya diraila inayoisogeza mbali na friwili husaidia kidogo, lakini haiwezi kuvuka kikomo chake. Ikiwa mbele una gia tatu, piga hesabu hii: tofauti ya kubwa na ndogo mbele, jumlisha tofauti ya kubwa na ndogo nyuma. Kwa 42 na 24 mbele, na 34 na 14 nyuma, ni 18 na 20, jumla 38. Hiyo inataka diraila ya mkono mrefu.

La pili ni cheni. Kutoka 28 kwenda 34 umeongeza meno 6, na nusu ya gia ndiyo inayokumbatiwa na cheni, kwa hiyo vinahitajika viungo 3 zaidi; kwa kuwa cheni huungwa kwa jozi, ni 4. Anayeacha cheni ya zamani na urefu wake, siku akiingia gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja, diraila inavutwa mpaka inakatika sikio, kile kipande kinachoishikilia kwenye fremu.

Kuunganisha friwili yako mwenyewe

Hapa ndipo mahali ninapopapenda, na ndipo pia penye maneno mengi yasiyo ya kweli, kwa hiyo nitakaa.

Zamani hii ilikuwa kazi ya kawaida. Hadi miaka ya 1980 maduka makubwa ya baiskeli Ulaya na Marekani yalikuwa na mbao ukutani zilizotundikwa gia moja moja za Regina, Atom, Suntour na wengineo. Mteja anasema anataka meno gani, fundi anazipanga kwenye mwili wa friwili. Kaseti ilipoenea, gia za kuuzwa moja moja zikaadimika. Leo njia iliyobaki ni kuchukua friwili mbili za familia moja na kupata moja kutoka kwao. Kwenye vibanda vya mafundi wetu, ambako friwili kuukuu hutundikwa kwenye waya kwa makumi, hilo ni rahisi kuliko kwa mtu wa nchi zenye maduka ya kung'aa.

Kwa nini ujisumbue? Turudi kwenye mpangilio wa 14-28 wa gia 7. Inapanda kwa meno mawiliwili: 14 hadi 16 ni asilimia 14, 18 hadi 20 ni 11, 22 hadi 24 ni 9. Yaani hatua zinazidi kuwa ndogo kadiri unavyokwenda kwenye gia za mlimani, pale ambapo mtu anataka hatua kubwa zaidi kwa sababu mwendo unaanguka haraka. Halafu mwishoni inaruka. Ni kinyume cha mahitaji ya mguu. Sasa tazama friwili ya gia 6 ya 14-28: 14, 16, 18, 21, 24, 28. Hatua zake ni 14, 13, 17, 14, 17. Hiyo imepangwa na mtu aliyefikiri.

Jawabu linajionyesha lenyewe. Chukua friwili ya 14-34 ya gia 7, toa 20, 22 na 24, ingiza 21, 24 na 28 kutoka kwenye ile ya gia 6. Unapata 14, 16, 18, 21, 24, 28, 34. Hatua ya mwisho imeshuka kutoka asilimia 42 hadi 21, na hakuna hatua nyingine inayozidi 17. Gia nyepesi ni ileile 34, gia nzito ni ileile 14. Umebadilisha katikati tu, na baiskeli inakuwa nyingine.

Sasa masharti, na ni lazima yote yatimie.

Friwili mbili ziwe za kampuni moja na mwili wa aina moja. Kwenye nyingi za kisasa gia ndogo hufungwa kwa nyuzi na nyingine huteleza juu ya mifereji ya mwili, zikitenganishwa na washa. Zipo ambazo gia kubwa zimeunganishwa kwa ribiti, na hizo ziache zilivyo. Kwenye zile kuukuu za Ulaya hali ni ngumu zaidi, maana kila nafasi juu ya mwili ina kipenyo au nyuzi zake, na gia iliyotoka nafasi ya pili haiingii ya nne hata ukiipiga nyundo.

Nafasi kati ya gia ziwe za gia 7. Kwenye friwili ya gia 7, kutoka gia hadi gia ni milimita 5. Kwenye ya gia 6 ya kawaida ni 5.5. Gia zenyewe zina unene unaokaribiana, kwa hiyo unachukua gia za ile ya 6 lakini unabaki na washa za ile ya 7. Nusu milimita inaonekana ndogo. Ikijirudia mara tatu ni milimita 1.5, na shifta ya kubofya inayohesabu milimita 5 kwa kila mbofyo itakuwa imepotea njia. Kama gia ina bega lililotengenezwa pamoja nayo badala ya washa, mpango huu hauwezekani.

Sharti la tatu linasahaulika sana: uchakavu. Gia iliyotumika na cheni iliyorefuka hukaa pamoja vizuri, na cheni mpya ikiwekwa juu ya gia hiyo, inaruka meno pale unapokanyaga kwa nguvu, yaani mlimani. Pima cheni kwa futi ya fundi nguo au kipimo cha chuma: viungo 40, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 508 cheni ikiwa mpya. Ikifika 511 inunue nyingine. Ikifika 513, gia ilizokuwa ikitembea nazo zimeliwa pia, na hizo si za kuchangia friwili mpya. Tazama umbo la jino: lililo zima lina pande mbili zinazolingana, lililoliwa limeinama upande mmoja na ncha kali.

Kazi yenyewe inataka bapa mbili za chuma, kila moja imepigiliwa kipande cha cheni kuukuu mwishoni. Mafundi wengi hujitengenezea. Iache friwili kwenye gurudumu. Bapa moja ishike gia kubwa isirudi nyuma, ya pili izungushe gia ndogo kinyume cha saa. Bapa moja haitoshi, kwa kuwa upande huo friwili inazunguka bure. Gia ndogo ikitoka, nyingine zinateleza. Zitungie kwenye waya kwa mpangilio zilivyotoka, pamoja na washa zake, uso ukiangalia upande mmoja. Usiguse kile kifuniko cha duara chenye vitundu viwili mbele ya mwili wa friwili. Nyuzi zake ni za kinyume, na nyuma yake zimejaa gololi ndogo za inchi 1/8 pamoja na vikucha na springi zake. Anayekifungua kwa kudhani ni sehemu ya gia anamaliza siku akitafuta gololi mchangani.

Kitu kimoja utakipoteza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Shimano wamekuwa wakichonga gia zao ili meno ya gia moja yapokee cheni kutoka gia jirani mahali maalumu. Ukichanganya gia ambazo hazikutengenezwa kuwa majirani, mipangilio hiyo haikutani, na cheni itapanda kwa kelele kidogo na kuchelewa kidogo. Kwa baiskeli ya kazi si hoja. Anayetaka ibadilike kimya kama ilivyotoka kiwandani, anunue iliyotoka kiwandani.

Kwa hiyo, 14-34 ya dukani au ya kuunganisha? Kwa nchi ya vilima, ya kuunganisha, bila kusita, mradi una fundi mwenye subira na friwili mbili zisizochakaa. Kwa anayeishi mbali na fundi na anataka akiharibikiwa apate nyingine sokoni siku hiyohiyo, abaki na ya dukani avumilie lile pengo.

Kupunguza mbele badala ya kuongeza nyuma

Rudi kwenye jedwali ulinganishe mstari wa pili na wa tatu. Gia ya mbele ya 32 na friwili yako ya zamani ya 14-28 inakupa mlima mwepesi zaidi kuliko 42 na friwili mpya ya 14-34. Hatua za katikati hazibadiliki, diraila fupi inafaa, cheni inafupishwa badala ya kuongezwa.

Unachotoa ni mwendo wa juu. Kwa 32 na 14, ukizungusha mara 80 kwa dakika, unakwenda kilomita 22.5 kwa saa. Kwa 42 ungekwenda 29.5. Mtu wa Shinyanga mwenye upepo nyuma na lami iliyonyooka atalalamika, na ana haki. Mtu anayeshuka kutoka Lushoto halalamiki, kwa sababu huko hakanyagi pedali, anakamata breki.

Tatizo ni la ufundi zaidi. Kwenye baiskeli za bei ya chini, gia za mbele zimepigwa ribiti kwenye kranki (mkono wa pedali) yenyewe, kwa hiyo kubadilisha gia ni kununua kranki nzima na kuhakikisha tundu lake la mraba linakaa vizuri kwenye ekseli ya pedali. Ikiwa gia yako ya mbele imefungwa kwa bolti, ningeanza hapa kabla ya kugusa friwili. Ikiwa ni ya ribiti, anza nyuma.

Kaseti: sababu ya kweli ya kuhamia

Wengi huhamia kwenye kaseti kwa sababu ya gia 8 au 9, na wanasahau kilichomo ndani ya habu, kitovu cha gurudumu.

Friwili ni kitu kimoja: gia na vile vikucha vinavyolia "tik tik" vyote viko pamoja, na vyote vinafungwa kwa nyuzi kwenye habu. Kwenye kaseti, vikucha vimo kwenye habu yenyewe na gia zinateleza juu yake na kufungwa kwa pete. Shimano waliiingiza sokoni mwaka 1978. Tofauti hiyo ndogo inahamisha gololi za upande wa kulia. Kwenye habu ya friwili gololi hizo ziko ndani, nyuma ya friwili nzima, na kuanzia hapo hadi kwenye fremu ekseli inabaki peke yake bila kushikiliwa na kitu kwa sentimita kadhaa. Kadiri friwili inavyokuwa na gia nyingi ndivyo kipande hicho kinavyorefuka. Weka ndoo mbili za maji au abiria kwenye keria, pita kwenye mashimo, na ekseli ya milimita 10 inapinda mahali hapohapo kila mara, kisha inakatika. Kwenye habu ya kaseti gololi za kulia ziko karibu kabisa na fremu, na kipande hicho kinachoning'inia karibu hakipo.

Kwa hiyo mimi nauliza mzigo kwanza. Ekseli yako imeshawahi kupinda? Toa gurudumu, izungushe ekseli kwa vidole: ncha ikichora duara badala ya kutulia, imepinda. Usihukumu kwa kuyumba kwa friwili, kwani friwili nzima nyingi huyumba kidogo na hazina ugonjwa. Kama unabeba mzigo mzito kila siku kwa baiskeli ya gia 7 na ekseli zinapinda, kaseti ndiyo dawa hata kama utabaki na gia 7 zilezile. Kama hubebi zaidi ya mwili wako na begi, habu ya friwili itakufaa miaka mingi, na pesa ya kaseti inunulie tairi nzuri.

Kwa upande wa kujipangia gia, kaseti inaishinda friwili kwa mbali. Bapa moja ya cheni na kifungulio cha pete, gia zinatoka zote. Mfereji mmoja juu ya habu ni tofauti kwa upana na mingine, kwa hiyo gia haiwezi kuingia vibaya. Kaseti nyingi zimeshikwa kwa ribiti au bolti ndefu nyembamba zinazopita ndani ya gia zote. Zimewekwa kurahisisha ufungaji, na ukizitoa hakuna kinachoharibika. Gia ya kwanza tu ndiyo ya kuangalia, kwa sababu uso wake una vijino vya kushika pete, na gia ya katikati haiwezi kukaa mahali pake.

Kaseti ya gia 7 ina nafasi ya milimita 5 kama friwili ya gia 7, kwa hiyo shifta haibadilishwi. Ukipata habu iliyotengenezwa kwa gia 8 au 9, kaseti ya gia 7 inaingia kwa kutanguliza washa ya milimita 4.5 nyuma yake. Ile ya 12-32 imepangwa 12, 14, 16, 18, 21, 26, 32, na kwa baiskeli ya matumizi yote siioni yenye kasoro kubwa.

Gharama inapanda kwa njia ambayo duka halikwambii. Hununui kaseti tu. Unanunua habu na spoku mpya au gurudumu zima, na kazi ya kulinyoosha. Pima pia upana wa fremu ndani kwa ndani pale ekseli inapokaa. Baiskeli nyingi za zamani za gia 6 na 7 zina milimita 126, na habu nyingi za kaseti ni 130 au 135. Fremu ya chuma fundi anaweza kuipanua. Ya alumini usimruhusu mtu aipanue, itapasuka. Na kama unavunja gurudumu la zamani ili kutumia rimu yake, ifungue friwili kabla hujakata spoku hata moja. Habu iliyobaki bila rimu haina pa kushikia, na friwili iliyokazwa na miaka ya milima haitoki tena.

Kuifungua kwenyewe kunahitaji kifungulio kinachoingia sawasawa kwenye tundu la katikati. Cha meno 12 ndicho cha siku hizi. Za zamani zina mapengo mawili, manne, au meno 20. Kiingize, kirudishie nati ya ekseli juu yake ikibane, ukiweke kwenye vaisi na kuzungusha gurudumu kinyume cha saa kama usukani wa lori. Ikilegea robo mzunguko, legeza nati kwanza ndipo uendelee, la sivyo friwili inayotoka inasukumana na nati. Wakati wa kufunga mpya paka grisi nyuzi, maana kila unapokanyaga mlimani unaikaza zaidi. Kwenye baiskeli kuukuu ya Kifaransa simama kwanza: nyuzi zake ni za milimita 34.7, na friwili ya kawaida ya inchi 1.375 itaingia kwa ulegevu, ikuaminishe, kisha ichane nyuzi za habu.

Baiskeli ya gia moja yenye mzigo

Nimeiacha mwisho, lakini ndiyo inayobeba maji, mkaa na abiria wengi kuliko hizo zote, kuanzia vijijini Kahama hadi boda boda za baiskeli za Busia. Magurudumu ni 28 kwa 1½, mzingo wake kama mita 2.24. Ukiwa na 48 mbele na friwili ya 18, kila mzunguko ni karibu mita 6. Hiyo ni sawa na gia nzito kabisa ya baiskeli ya mlimani, na mtu anaipandisha na gunia nyuma.

Friwili za gia moja za meno 20 na 22 zipo na si ghali. Kutoka 18 kwenda 22 mzunguko unashuka hadi mita 4.89, wepesi wa asilimia 18, sawasawa na yule aliyenunua friwili ya 14-34, ila yeye kapata kwenye gia moja na wewe umepata safari nzima. Anayepita tambarare tupu na kulipwa kwa haraka abaki na 18 au achukue 20. Anayebeba zaidi ya kilo 50 njia yenye vilima achukue 22.

Hakikisha unanunua ya cheni pana, ya inchi 1/8; cheni nyembamba ya baiskeli za gia nyingi haikai kwenye gia hiyo pana, ingawa cheni pana hukaa kwenye gia nyembamba. Kuhusu urefu wa cheni, hesabu yake ni nzuri: kila jino unaloongeza nyuma linavuta gurudumu mbele kwa milimita 3.2 hivi, kwa hiyo meno 4 ni nusu inchi. Jozi moja ya viungo vya cheni, ambayo ni inchi nzima, hulirudisha gurudumu nyuma kwa nusu inchi ileile. Ukitoka 18 kwenda 22 ongeza jozi moja tu, gurudumu libaki lilipokuwa, na breki za fito hazihitaji kuguswa.